Shajara ya Hiace: kutoka Katwe hadi maporomoko ya Kalagala

Ninaandika hapa kila hatua inapoisha, kwa yeyote anayetaka kugeuza gari la abiria kuwa pa kulala akiwa Kampala, Bukoba, Kisumu au popote penye joto na mvua. Lengo ni kuendesha mwenyewe, peke yangu, nikipitia vijijini hadi tamasha la muziki la Nyege Nyege, ambalo mwaka huu wa 2024 liko Kalagala kando ya Nile, Novemba 14 hadi 17. (Jina la tamasha tusilijadili. Nina shangazi anayesoma.) Bei zote ni shilingi za Uganda. Kazi ambazo fundi yeyote anazijua nitazipita mbio. Nitakaa pale palipoharibika.

Agosti 3, 2024: gari

Toyota Hiace ya petroli, gia za mkono, taksi ya zamani (ndivyo Uganda wanavyoita matatu au daladala) ya njia ya Masaka. Milioni 21. Nilikuwa nimeshaipenda nyingine ya milioni 16, inang'aa, viti vina vitambaa vipya. Nikamleta fundi wangu wa Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala, aiangalie. Ni Mnubi wa Bombo, Kiswahili chake ni cha kambini, kimenyooka kama rula. Akalala chini ya gari na bisibisi, akagonga chini ya kizingiti cha mlango wa kuteleza, akasikiliza, akagonga tena. Bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Akatoka akijipangusa: "Dada, hili ukiliosha litakwisha."

Kwa hiyo nilimlipa 100,000 kukagua magari mawili, na sioni pesa iliyofanya kazi zaidi ya hiyo katika mradi mzima. Kwa anayenunua: rangi isikushughulishe. Gonga kizingiti cha mlango, gonga pale springi za nyuma zinaposhika fremu, inua mazulia. Injini ya Hiace inafufuka kwa vipuri vya soko la Kisekka. Bodi iliyooza haina wa kuifufua.

Agosti 18: kung'oa

Viti vimetoka na mwenye taksi mwingine kavinunua kwa 600,000. Boliti zilizoshika kutu zilikatwa kwa gurinda. Chini ya zulia la plastiki nimekuta manyoya ya kuku, sarafu za shilingi 50, kipande cha rozari, na chini kabisa udongo mwekundu umeganda kama tofali. Udongo ule hushika maji, na kutu inaanzia hapo. Osha kwa maji na brashi ngumu, acha juani, piga msasa, paka dawa ya kutu, kisha prima, kisha rangi. Vifaa vimekula 145,000.

Mstari wa bluu wa taksi ubavuni nimeuacha kwanza. Rangi ya bodi nzima ni ghali na nilisema itasubiri.

Agosti 31: mbao

Ndeeba, kwa wauza mbao. Kitanda cha sentimita 190 kwa 115 kimekaa upande wa dereva kwa urefu wa gari, ili mlango wa kuteleza, ambao kwetu uko kushoto upande wa watembea kwa miguu, ubaki wazi. Chini yake masanduku mawili. Kabati la jikoni nyuma. Nimekataa zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa, ingawa ni rahisi: zikinusa unyevu zinavimba kama mandazi. Plaiwudi ya milimita 12 kwa kabati, ya 18 kwa kitanda, na kila ukingo umepakwa vanishi mara mbili. Mbao, skrubu, bawaba na fundi seremala: 890,000. Godoro la sponji limekatwa kwa kipimo: 310,000.

Kuta na paa nimezijaza pamba ya kioo, halafu nikafunika kwa plaiwudi nyembamba. Video zote nilizotazama zinafanya hivyo. Linapendeza. Kwa ndani linafanana na kibanda cha mtalii.

Septemba 8: umeme

Betri ya pili ya ampea-saa 100, ya risasi iliyofungwa, 740,000. Paneli ya sola ya wati 150, 290,000. Kidhibiti cha chaji 85,000. Rilei ya kuunganisha betri mbili wakati injini inawaka, 60,000. Taa za LED, soketi za simu, feni ndogo. Fundi umeme niliyempata barabarani kaunganisha kwa siku moja, na taa zikawaka. Friji sijaweka. Niliikokotoa: friji ndogo ya volti 12 ingekula karibu nusu ya betri kila siku, na betri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu. Boksi la barafu linatosha.

Septemba 22: Nabugabo, jaribio la kwanza

Hapa ndipo penye maelezo.

Nilichagua ziwa Nabugabo, karibu na Masaka, kwa sababu ni kama kilomita 150 tu kutoka nyumbani na mtu anaweza kurudi kwa bodaboda na basi mambo yakiharibika. Kabla hata sijafika Nsangi, mama mmoja mwenye kuku wawili na mtoto akanipungia mkono. Nikampita. Akanipigia kelele. Mbele kidogo kijana mwenye gunia, halafu wanafunzi, halafu babu aliyesimama kabisa katikati ya njia. Nilichukua muda kuelewa kwamba mstari wa bluu ndio ulionizungumzia. Kwenye kituo kimoja cha mafuta, konda mmoja akaniletea abiria watatu na kudai chake. Baada ya Lukaya, askari wa barabarani akanisimamisha, akachungulia ndani, akaona godoro, akaniuliza kwa Kiswahili: "Abiria wako wapi?" Nikamwambia sina. "Sasa wewe ni konda wa nani?" Akacheka, akaniachia, lakini akanionya kwamba gari lenye alama za kubeba abiria bila leseni ya kubeba abiria ni kesi, na mwenzake wa mbele huenda hapendi kucheka.

Basi: ukinunua taksi, rangi kwanza, kitanda baadaye. Na karatasi zibadilishwe matumizi, bima pia.

Nabugabo penyewe ni pazuri, tumbili wa kijivu wanakuja mpaka mlangoni, na mmoja ameondoka na mkate wangu mzima bila hata kukimbia. Usiku wa kwanza ikanyesha. Nikafunga madirisha yote kwa sababu ya mbu na maji. Kufikia usiku wa manane nilikuwa nimelowa. Nilidhani paa linavuja. Nikawasha tochi: matone yamejipanga kwenye skrubu za dari, kila skrubu na tone lake, yananing'inia, yanaanguka moja moja kwenye shuka. Hakuna tundu lolote. Ni pumzi yangu. Mtu akilala hutoa maji kwa pumzi na jasho usiku kucha, hewa ya pale tayari ina unyevu, bati limepoa kwa mvua, na mvuke unaganda popote unapogusa chuma.

Asubuhi nilinyanyua godoro. Upande wa chini ulikuwa umeloa, na kwenye plaiwudi kivuli cha mwili wangu kimechorwa kwa maji, mabega mpaka visigino.

Shida ya tatu ni betri. Nilikuwa nimeendesha nusu siku, ilitakiwa ijae. Ilionyesha volti 12.1, yaani nusu. Nikawasha injini na kupima kwa mita: kwenye betri ya kwanza 14.2, kwenye ya pili 13.1. Volti nzima imepotea njiani. Fundi wa barabarani alikuwa ametumia waya wa milimita mraba 2.5, ule wa kufungia soketi za nyumbani. Waya wa shaba wa unene huo una ukinzani wa takriban miliomu 7 kwa kila mita. Mita 5, ampea 30: volti 1 imegeuka joto. Nikaugusa waya chini ya zulia, ukanichoma kidole. Na hakukuwa na fyuzi. Mtu amelala juu ya hita, hana habari.

Oktoba 9: kubomoa

Sikukuu ya Uhuru, Katwe kumetulia, fundi wangu kanipa uwanja. Dari imeshuka. Pamba ya kioo nyuma yake ilikuwa nzito kwa maji, ukiikamua inatiririka, na bati lililokuwa safi mwezi Agosti limeanza madoa ya kahawia. Fundi akaishika kwa ncha za vidole: "Hii umemvalisha gari koti la Ulaya."

Hapo ndipo mradi ulipogeuka. Zile video zimetengenezwa na watu wanaopigana na baridi. Wanaziba, wanajaza, wanafunga. Kwetu baridi si adui. Adui ni unyevu na joto, na vyote viwili dawa yake ni hewa inayotembea. Kwa hiyo nimeacha kuuliza nizibe wapi, nikaanza kuuliza nitoboe wapi.

Kuta: zimebaki bati tupu lenye rangi, mbele yake fito za mbao zenye nafasi ya vidole viwili kati yake. Mvuke ukiganda unateremka na kukauka mchana. Paa: nimebandika povu lisilonyonya maji, la aina ya mikeka ya mazoezi, limeshikana kabisa na bati bila nafasi nyuma yake. Ikiwa hewa haifiki kwenye bati, hakuna cha kuganda. Gundi ipakwe bati likiwa kavu na vuguvugu, saa nne asubuhi hivi, jioni haishiki. Paneli ya sola niliyokuwa nimeilaza juu ya paa nimeiinua sentimita 5 kwa mabano, na hii imenishangaza zaidi ya yote: sehemu ya paa iliyo chini ya kivuli cha paneli unaweza kuigusa saa nane mchana, iliyo nje ya kivuli huwezi.

Kitanda: plaiwudi imetolewa, badala yake fito za upana wa sentimita 7, mapengo ya sentimita 4. Kama kitanda cha mwanafunzi wa bweni, na sababu ni ileile.

Tundu la paa: la kununua, lile lenye feni na kifuniko cha plastiki, niliambiwa milioni moja na ushee, na linaagizwa. Mafundi bati wa Katwe wamenitengenezea kwa 160,000. Ni shingo ya mraba ya sentimita 30, kimo sentimita 8, imepigwa ribiti juu ya paa kwa silikoni, na kofia ya bati inayozidi kila upande kwa sentimita 6 ili mvua ya upepo isiingie. Chini ya kofia kuna wavu wa mbu na feni mbili za kompyuta za sentimita 12, 20,000 kila moja, zinazovuta hewa nje. Zinakula chini ya ampea moja zote mbili, kwa hiyo zinaweza kukesha. Hewa inaingia kwa dirisha la mbele lililoachwa wazi kiganja kimoja, lenye wavu uliobanwa kwa sumaku. Ingizo chini, toleo juu. Mara ya kwanza tulifunga feni zikielekea ndani, na gari likajaa moshi wa chuma wa jirani anayechomelea. Zijaribu kwa karatasi kwanza kabla hujakaza skrubu.

Umeme: waya wa milimita mraba 16, mita 6, na fyuzi ya ampea 60 karibu na kila betri. Mbili, si moja, kwa sababu waya huo una betri kila mwisho, ukichubuka katikati unalishwa kutoka pande zote. Sasa betri ya pili inaonyesha 14.0 injini ikiwaka. Waya, fyuzi na vichwa vya waya 190,000.

Mstari wa bluu umekwenda. Rangi 450,000, na gari sasa ni jeupe lote kama la shirika la misaada. Watu wananiamkia kwa Kiingereza.

Novemba 12: Mabira

Nimeondoka Kampala jana. Naijua barabara ya Jinja kwa malori yake, kwa hiyo nilitoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Namawojjolo nikanunua paja la kuku na gonja (ndizi za kuchoma) mbili kupitia dirishani kama abiria wa kawaida, nikaingia msitu wa Mabira jua likiwa limepanda. Huu ndio msitu ambao mwaka 2007 watu waliandamana Kampala kuuzuia usikatwe kupanda miwa. Pande zote mbili kabla na baada yake ni miwa, na ukiingia chini ya miti joto linashuka mara moja. Nimeliona kwenye kipimajoto cha ndani, kutoka 31 hadi 26 kwa dakika chache.

Nimelala Najjembe ndani ya uzio wa kambi. Kanuni yangu kama mwanamke anayesafiri peke yake: silali kando ya barabara, silali kwenye kituo cha mafuta, naingia ndani ya geti la mtu na kuomba kwa heshima kabla giza halijaingia. Kichwa cha gari kinaelekea njia ya kutokea. Funguo mahali pamoja kila siku.

Ilinyesha usiku. Dari kavu. Godoro kavu. Feni zinanguruma kidogo kama paka.

Kosa dogo la kurekebisha: nilikuwa nimewasha taa nyeupe ya LED nje ya mlango nikipika. Huu ni msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Mtu wa Bukoba anajua maana yake, lakini huwezi kujua mpaka wakuingie kwenye sufuria ya chai. Waganda huwatega kwa taa kali na mapipa ya mabati. Mimi nilikuwa nimejenga mtego kamili, mweupe, wenye mlango. Niliwakusanya, nikawanyonyoa mabawa na miguu, nikawakaanga kwa mafuta yao wenyewe na kitunguu. Kisha nikabadilisha taa ya nje kuwa ya njano, 8,000, kwa sababu kila usiku senene ni kazi.

Novemba 13: Kangulumira, tope

Asubuhi nilivuka Nile kwa daraja jipya la Jinja, lile la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018, nikanunua maji, barafu, nyanya, mkaa, nikarudi ng'ambo na kushika barabara ya Kayunga. Lami nzuri, mananasi pande zote, vichuguu vya mananasi kila kona. Kalagala ni maporomoko ambayo serikali iliahidi kuyaacha bila bwawa ilipokubaliana na Benki ya Dunia kuhusu bwawa la Bujagali juu yake. Maporomoko ya Bujagali yenyewe yamezama. Upande wa pili wa mto, mkabala, wanaiita Itanda. Tamasha lilikuwa huko mwaka 2022.

Sikutaka kulala ndani ya eneo la tamasha. Muziki haukatiki usiku kucha, na gari likibanwa katikati ya mahema huwezi kutoka mpaka Jumatatu. Mwendesha boda mmoja akanielekeza kwa mzee mkulima wa mananasi na kahawa, mita mia nne kutoka lami. Saa tisa ikaja mvua. Mita mia nne zile zilikuwa mteremko wa udongo mwekundu.

Hiace inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na uzito mkubwa wa injini uko mbele. Katikati ya mteremko nyuma ikaanza kuteleza kuelekea mfereji, taratibu, kwa adabu. Nikasimama. Vijana wakaja. Wa kwanza akaleta vipande vya mabati, akavitia chini ya matairi. Msifanye hivyo. Nilipokanyaga mafuta kipande kimoja kilirushwa nyuma kama kisu na kupita karibu na goti la mtu. Tukavitoa.

Kilichofanya kazi ni hiki. Nilihamisha madumu yote manne ya maji, lita 80, kutoka mbele hadi juu kabisa ya ekseli ya nyuma. Nikashusha upepo wa matairi ya nyuma kutoka psi 45 hadi 25, na tairi likakaa chini kwa upana. Na mzee mwenyewe, ambaye alikuwa amesimama chini ya mwembe akitazama bila kusema, akawaambia vijana kitu kwa Kiganda; wakarudi na magunia matatu ya maganda ya kahawa kutoka uwanja wake wa kukaushia. Tukayamwaga kwenye njia za matairi. Maganda yananyonya maji na yana ukali kama changarawe. Gia ya pili, si ya kwanza, mguu mwepesi, na gari likapanda kama limeitwa.

Vijana 30,000 na soda. Pampu ya boda kurudisha upepo 2,000. Bampa la nyuma limepinda.

Nikamwendea mzee. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Umetoka Tanzania?" Alikuwa askari zamani, Kiswahili amekipata jeshini. Nikamuuliza nimlipe kiasi gani kwa kulala uani kwake mpaka Jumatatu. Akasema niongee na mama wa nyumba. Mama akasema 15,000 kwa usiku na nichukue mananasi. Halafu akaingia ndani ya gari, akakaa kwenye kitanda, akatazama feni juu, akauliza: "Na choo?" Nikamwambia choo ni chao. Akacheka mpaka akashika ubavu. Watu wote wanaokuja kuliona gari huuliza hilo kwanza, na nadhani ni swali sahihi.

Novemba 17: tamasha

Hiki si kitabu cha tamasha, nitaandika yale yanayohusu mradi na mawili matatu nisiyoweza kuyaacha.

Kutembea kutoka uani hadi getini ni dakika ishirini, kurudi usiku ni boda 3,000, na nimerudi kila usiku na mwendesha boda yuleyule, namba yake ameiacha kwa mama wa nyumba. Mchana nalala. Hapo ndipo gari linapojaribiwa kweli: kulala saa saba mchana Novemba, jua likitoka kati ya mvua. Nimeegesha ubavu wa mlango kuelekea kivuli cha mwembe na kufungua nyuma yote kwa pazia la wavu. Ndani 29, nje juani 33. Nimelala.

Niliokuwa nikiwasubiri ni watu wa singeli. Muziki uliozaliwa mitaa ya Dar kama Manzese na Tandale, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na lebo ya hawahawa wa tamasha ndiyo iliyotoa mkusanyiko wa studio ya Sisso mwaka 2017 ukasikika nje. Kuusikia Kalagala, kati ya Waganda, Wakenya na Wazungu wote wakijaribu kuufuata kwa miguu na kushindwa, niliona fahari ya kijinga kabisa. Lakini kilichonishika ni embaire ya Wasoga: marimba makubwa ya magogo yaliyolazwa juu ya migomba, na chini yake wamechimba shimo. Wapigaji kadhaa pande zote mbili. Shimo ndilo spika. Nilisimama pembeni mpaka mtu akaniuliza kama nimepoteza kitu mle ndani.

Usiku wa tatu mvua kubwa, baridi ya mto. Kundi la vijana waliopiga hema karibu na uzio wa mzee walikuwa wanaingiza jiko la mkaa ndani ya hema ili wapate joto. Nikawafuata kwa kukimbia. Mkaa ukishika moto vizuri hautoi moshi unaoonekana, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Hewa yake ya sumu haina harufu, inalaza mtu na haamki. Wakalitoa. Nikawapa chai. Kwangu jiko la mkaa halivuki kizingiti, hata likiwa limezimwa, mpaka asubuhi. Ndani napika kwa gesi ya mtungi mdogo, mlango wazi, na mtungi hulala mbali na kitanda, umefungwa kwa mkanda.

Betri: siku ya mawingu tele ilishuka hadi 12.3 asubuhi. Simu za jirani tatu zilikuwa zinachaji kwangu. Injini dakika arobaini, ikarudi. Nisingekuwa na waya mnene, ningekuwa gizani.

Novemba 23: hesabu na yaliyobaki

Njia ya kurudi: Kayunga, Nakifuma, Mukono, kavu, hakuna cha kusimulia. Petroli ya safari nzima, pamoja na mizunguko ya Jinja, lita 34, kila lita 5,200. Ukarabati wote, ukiacha bei ya gari na ukitoa viti nilivyouza, umefika karibu milioni 4.2. Kati ya hizo, laki saba na zaidi ni vitu nilivyonunua, nikavifunga, nikavibomoa: pamba ya kioo, plaiwudi ya dari, waya mwembamba, fundi wake.

Kilichobaki: kifuniko cha mvua juu ya dirisha la mbele, kwa sababu ingizo la hewa linaloachwa wazi kiganja kimoja hupokea mvua ikivuma kutoka upande huo, nimefikiria kipande cha plastiki ngumu, sijui bado kitafungwa vipi bila kutoboa mlango. Rafu ya viatu nje ya mlango, tope haliingii na mimi tena. Vibao viwili vya mbao nene vyenye meno, badala ya kuomba magunia ya kahawa ya watu. Na bampa. Fundi kaliangalia leo asubuhi, akalipiga teke mara moja, likarudi nusu. Nusu nyingine ni Jumanne, 40,000, na anataka nimletee mananasi.